Vigae Vilivyooshwa kwa Mswaki

Kuna watu husafiri baharini majuma mawili kufikia kisiwa kisicho na mtu, wapande kilima kutazama mawe yaliyopangwa na waliokufa zamani. Moffat wa Mweiga hakuwahi kuiona bahari, lakini kisiwa alikuwa nacho. Kilikuwa ekari moja na nusu ya vichaka katikati ya mashamba ya viazi, na ndani ya vichaka mashimo kumi na matatu ya duara, kila moja pana kama sakafu ya nyumba. Wazee walisema hayo ni makao ya Agumba, watu wafupi walioikalia nchi kabla ya Wagikuyu, kisha wakatoweka bila kuaga. Moffat alipaita Kisiwa. Kwa miaka kumi na tisa alitembeza watu kwa ziara ya siku tatu: pango la Endarasha, mashimo madogo ya kando ya msitu, kisha Kisiwa chenyewe. Sokoni waliomjua kwa jina la baba yake walikuwa wamekwisha kufa. Waliobaki walimwita Moffat wa Agumba.

Wiki ile mgeni alikuwa mmoja, na hakuja kutalii. Daktari Phelister, mwanamke mrefu wa Siaya, alitumwa kutoka Nairobi kukagua kama Kisiwa kinafaa kuandikwa katika orodha ya mahali pa kale panapolindwa na sheria. Kikiandikwa, hakuna jembe litakalokigusa. Kisipoandikwa, Waweru, jirani aliyegawiwa kipande hicho chama cha ushirika kilipovunjwa, angeleta trekta Jumatatu.

Siku ya kwanza, pangoni, Moffat alishusha sauti kama alivyozoea.

"Madam, huyu Mugumba alikuwa mfupi hivi. Mkikutana, anakuuliza, 'Umeniona ukiwa wapi?' Ukisema nimekuona saa hii tu, unakufa. Lazima useme, 'Nimekuona tangu ule mlima, vile wewe ni mrefu!'"

Wageni wote hucheka hapo. Phelister alikuwa akifungua utepe wa kupimia.

"Kwa hiyo alipenda kudanganywa," alisema. "Shika hapa. Usilegeze."

Siku ya pili Waweru aliwafuata kwa pikipiki hadi kando ya msitu, akasimama bila kuzima injini, akamwita Moffat kwa jina la binti yake.

"Baba Shiku! Huyu ndiye mzungu wako wa leo? Mbona ni mweusi?"

"Na wewe ndiye mwenye trekta?" Phelister aliuliza bila kuinua kichwa.

"Mimi ndiye niko na karatasi ya shamba, mama. Huyu mzee yeye ako na mashimo ya panya."

"Nenda ukakamue ng'ombe, Waweru," Moffat alisema.

"Ng'ombe yangu inatoa maziwa. Hayo mashimo yako yametoa nini tangu tuzaliwe?"

Swali hilo lilimkereketa Moffat usiku kucha, kwa sababu jibu alilijua. Mashimo yalikuwa hayatoi kitu. Mwaka wake wa kwanza wa kuongoza, wageni watano walitembea siku tatu kwenye matope, wakasimama ukingoni, wakaona nyasi. Nyuso zao zilimtia aibu. Kwao Moffat mgeni hafiki akaondoka mikono mitupu. Hata kama nyumbani hakuna kitu, atapewa viazi viwili afunge kwenye leso. Basi wiki iliyofuata aliokota kigae cha chungu cha kale kilichofukuliwa na plau mashambani, akakisugua kwa mswaki mistari yake ikaonekana, akakilaza kwenye nyasi karibu na njia. Mgeni alikiona mwenyewe, akapiga kelele ya furaha. Moffat hakuona kama amedanganya. Aliona kama amemwandalia mtu chai. Tangu hapo kila alipopata kigae alikiosha na kukipeleka Kisiwani, na kwa ajili ya Daktari Phelister alikuwa amepeleka vyote alivyokuwa navyo, thelathini na kitu.

Asubuhi ya tatu jua lilitoka mapema na Mlima Kenya ukawa wazi hadi kileleni. Phelister aliingia shimo kubwa, akapiga magoti. Aliokota kigae, akakigeuza. Akaokota cha pili. Cha tano alikinusa. Kisha akarudi nyuma na kuitazama njia, kama askari anayetazama alama za tairi.

"Mzee Moffat. Vyote vimelala umbali wa mkono kutoka njiani. Vyote vimetazama juu. Na vimeoshwa."

"Ni mvua, madam."

Cheko lilitoka upande wa seng'enge. Waweru alikuwa ameegemea nguzo, gambuti zimejaa tope.

"Mvua ya Mweiga siku hizi iko na mswaki?"

"Nyamaza wewe!"

"Ninyamaze nini? Mama, miaka hii yote naona huyu mzee ameinama kwa shamba yangu, hapo chini kwa mto, anaweka vitu kwa mfuko. Ni takataka ya huko anakuuzia hapa!"

Phelister alisimama polepole.

"Kwa shamba lako? La chini?"

Kicheko cha Waweru kilikatika. Moffat alimwona akihesabu kichwani: ekari nne zilizokwisha kupandwa kule mtoni, ambazo sasa zingeweza kuandikwa badala ya Kisiwa, dhidi ya moja na nusu ya vichaka. Aliporudi kusema, sauti ilikuwa tamu.

"Aa, nilikuwa natania. Hajawahi kuokota vigae. Alikuwa ananiibia viazi tu. Si ni kweli, Baba Shiku? Sema tu, ndugu yangu. Mimi nimekusamehe."

Moffat aliliona tundu lililofunguliwa. Akisema ndiyo, hakuna atakayejua vigae vilitoka shamba lipi. Ya mswaki angeweza kuyajibu: niliviosha hapa hapa, madam, uvione vizuri. Huenda Kisiwa kingeandikwa. Neno moja tu, ndiyo.

Akamtazama Waweru, aliyekuwa akimtikisia kichwa kwa huruma kama anavyotikisiwa mwizi wa kuku kwa chifu.

"Viazi?" Moffat alisema. "Mimi nikule viazi yako? Hiyo yenye maji, hata nguruwe inakataa?" Akamgeukia Phelister. "Sijaiba kiazi ya mtu tangu nizaliwe, madam. Hivi vigae ni mimi niliweka. Nilitoa kwake, zingine kwa barabara, nikaosha, nikaweka hapa wageni wapate kitu. Mugumba hakuacha kitu kwa hii shimo. Ama aliacha, na mimi nimekanyaga."

"Umekanyaga," Phelister alisema. Hakuinua sauti, na ilikuwa vibaya zaidi. "Miaka kumi na tisa umeharibu mahali ulipodai kupalinda. Siwezi kupaandika. Hakuna atakayeweza tena."

Waweru alipiga makofi mara moja, kisha akakumbuka shamba lake la mtoni.

"Sasa nionyeshe ulipovitoa," Phelister alimwambia Moffat. "Kimoja kimoja."

"Kwangu hamuingii!" Waweru alikuwa tayari anashuka kilima, akimwita mbwa wake. "Mkanyage matuta yangu muone!"

"Leo siingii. Nitarudi na barua na chifu, na mpaka hapo plau haishuki huko. Leo nitaandika nikiwa barabarani."

Phelister na Moffat walisimama nje ya lango la shamba la mtoni, mbwa akibweka upande wa pili wa seng'enge, Waweru akimlaani Moffat kwa Kigikuyu, na mama yake pia. Pale njiani, karibu na gambuti yake, Moffat aliona ukingo wa kigae umechomoza udongoni. Akainama.

"Usiguse!" Phelister alifoka. "Usiguse kitu tena maishani mwako."

Moffat akaitia mikono yote miwili mfukoni. Phelister akafungua kalamu.

"Cha kwanza?"

Moffat akainua kidevu kuelekea mti wa mgumo ulio kando ya mto, akaonyesha kwa mdomo.