Mtaalamu wa Vijiko Vidogo

Mtu angemkuta kwenye korido ya kitivo cha biashara, begi la ngozi likimpiga pajani na chupa ya kahawa ikining'inia kidoleni, angedhani ni wakala wa bima anayewahi miadi. Alikuwa mhadhiri. Kwa miaka kumi na tisa alifundisha uchumi wa tabia, na kila muhula aliufungua kwa maneno yaleyale: kwamba binadamu hajui kwa nini ananunua anachonunua, na kwamba wapo watu wachache waliosomea kumjulia. Akifika kwenye hao watu wachache alikuwa anarekebisha kola ya shati.

Wanafunzi walimpenda kwa sababu ya mifano yake. Aliwaeleza kwa nini maziwa huwekwa mwisho kabisa wa duka, ili ukiyafikia uwe umeshapita kwenye biskuti. Aliwaeleza kwa nini muuza nguo hukuonyesha kwanza koti la bei ya kutisha, ili la pili ulione rahisi hata kama limekuzidi kimo. Nyumbani kwake yalikuwepo makoti mawili yaliyomzidi kimo, lakini hayo hayakuwa kwenye mtaala. Aliyeyajua ni mke wake, muuguzi wa kliniki ya kisukari, ambaye kila Jumamosi alimtuma dukani na karatasi ya vitu vinne, naye akarudi na mifuko mitatu na maelezo marefu.

Kilichomnyima usingizi ni uprofesa. Aliuomba mara mbili, na mara mbili kamati ikamjibu kwamba haujaonekana utafiti wake wenye manufaa kwa jamii. Jioni moja mke wake, akiwa ameloweka miguu baada ya zamu, alilalamika kwamba watu wanajaza sukari kwenye chai kama wanachimba msingi wa nyumba, na kwamba lau vijiko vingekuwa vidogo huenda angepata nafasi ya kukaa chini. Mume akaacha kutafuna. Wiki mbili baadaye wazo hilo lilikuwa limeandikwa kurasa thelathini, na kwenye ukurasa wa kwanza lilikuwa na mwenyewe mmoja tu.

Uwanja wa utafiti ulikuwa kantini ya kitivo: chumba kirefu chenye meza kumi na mbili, feni moja inayozunguka kwa kulalamika, na kidirisha cha kutolea chai. Nyuma ya kidirisha alikuwepo mama mmoja mnene, mwenye mikono isiyoogopa moto, ambaye kila mtu alimwita Shangazi ingawa hakuwa na mpwa hata mmoja katika jengo zima. Alipika chai bila sukari, na kila mmoja akajiwekea mezani kiasi alichotaka. Mhadhiri alimjua kwa sura tu. Yeye alikunywa kahawa yake chungu kutoka nyumbani, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuonja chai ya pale.

Mpango ulikuwa rahisi. Vijiko vya kawaida viliondolewa vikaletwa vya nusu ukubwa. Mabakuli ya sukari yakatolewa mezani yakapangwa kwenye rafu dirishani, hatua kumi na moja kutoka meza ya karibu. Binti mmoja aliyekuwa akisomea shahada ya uzamili alipewa mizani, awe anapima mabakuli asubuhi na jioni. Shangazi alipewa taarifa kwa karatasi iliyobandikwa mlangoni.

Baada ya wiki nane sukari ya kwenye mabakuli ilikuwa imepungua kwa karibu nusu. Mhadhiri alizitazama namba kama mzazi anayetazama matokeo ya mtoto. Tena madodoso waliyojaza wanywaji wa chai yalirudi matamu kuliko alivyothubutu kuomba: watu saba katika kila kumi waliandika kwamba wamegundua hawahitaji sukari nyingi kama walivyodhani. Mmoja aliandika kwamba sasa analala vizuri.

Ni yule binti aliyejikuna kichwa. Alikuja ofisini, akasimama karibu na mlango, akasema, "Mwalimu, nimepita stoo. Sukari inayotoka kwa wiki ni ileile ya zamani."

"Stoo haimo kwenye mipaka ya utafiti wetu," alimjibu.

"Lakini inakwenda wapi?"

"Hilo ni swali zuri kwa utafiti mwingine." Akamshukuru, akamfungulia mlango, na kwenye makala akamweka katika orodha ya watu waliosaidia kubeba vifaa.

Makala yalitoka kwenye jarida la heshima. Redio ikamhoji. Mkuu wa chuo akapigwa picha ya mabango, kijiko kidogo kikiwa kimeinuliwa mbele ya tabasamu, na kukatolewa agizo kwamba kantini zote za chuo, pamoja na ile ya hospitali, zifuate. Wanafunzi wakaanza kumwita Daktari Kijiko. Alijifanya jina hilo limemuudhi, na akalitaja kila mahali ili watu walijue.

Mambo yalianza kwenda mrama siku walipokuja wageni watatu wa chuo kingine, waliotaka kuurudia utafiti kwao. Asubuhi hiyo chupa ya kahawa ilibaki juu ya meza ya jikoni nyumbani. Aliwaongoza wageni kwenye korido kwa mikogo, akawaonyesha rafu, akawahesabia hatua kumi na moja kwa miguu yake mwenyewe, kisha akaagiza chai kwa wote wanne. Kiongozi wao, mama mwembamba asiyepoteza maneno, alikunywa kabla hajaifuata sukari. Akakiweka kikombe chini.

"Humu mmeshatia sukari?" aliuliza.

Mhadhiri akacheka, akainua kikombe chake kumtoa wasiwasi, akanywa. Chai ilikuwa tamu kama ya harusini. Alitupa macho mezani kote: mhasibu wa kitivo, makarani, wahadhiri wenzake, wote ghafla walikuwa na jambo muhimu la kuangalia ndani ya vikombe vyao. Akasema leo jikoni wamekosea. Mgeni alitikisa kichwa polepole, akatoa daftari, akaandika kitu kifupi.

Wageni walipoondoka aliingia jikoni, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga. Shangazi alikuwa anafuta vikombe.

"Shangazi, chai ina sukari."

"Ina."

"Tangu lini?"

"Tangu mlipoleta hivyo vijiko vya kulishia watoto."

Aliuliza kwa nini hakumwambia, na Shangazi akamtazama kwa mshangao wa kweli, usio na chembe ya ubaya.

"Uliniuliza? Yule binti alikuja kupima mabakuli, nikamwachia mabakuli. Birika hakulipima. Watu walikuwa wananyanyuka mara nne kufuata sukari, halafu wanakuja kunigombeza mimi, sio wewe. Nikaona isiwe taabu, nikaitia humo humo."

Alishika jambo moja lililobaki la kushika. Alikumbuka kwamba dereva wa kitivo alikuwa mgonjwa wa kisukari, tena mgonjwa wa mke wake, akauliza huyo naye anapewa chai gani, kwa sauti ya mtu aliyepata kosa la mwenzake. Shangazi alinyoosha kidole kwenye kibirika cha buluu kilichokaa peke yake pembeni. Hicho cha dereva. Mhasibu hapendi tamu, naye huchotewa kabla sukari haijaingia. Mzee wa maktaba anataka nusu, lakini siku akigombana na mwanawe anataka yote. "Ulidhani nawapa wote sawa?" alimuuliza. Kwenye makala mhadhiri aliwaita wote washiriki mia moja na kumi na nne.

Nyumbani alimsimulia mke wake kila kitu, akitegemea kufarijiwa. Mke alicheka hadi akashika ukuta. Alipopata pumzi akauliza, "Sasa utawaambia lini?"

"Kamati ya kupandisha vyeo inakaa tarehe ishirini."

"Sijakuuliza habari za kamati."

Kwa wiki tatu alitembea na siri hiyo kama mtu mwenye kokoto kiatuni. Aliandika barua kwa jarida akaiweka kando, akaiandika upya kwa maneno laini zaidi, mpaka mwisho ilisomeka kama barua ya kujipongeza. Darasani aliwaeleza wanafunzi jinsi mtu anavyoahirisha jambo gumu kwa kujidanganya kwamba kesho atakuwa jasiri zaidi, akalichambua vizuri sana, kisha akaenda ofisini akaahirisha. Tarehe ishirini ikapita. Tarehe ishirini na nne, barua ya uprofesa ikiwa mfukoni, alipiga moyo konde akaenda kwa mkuu wa kitivo kusema ukweli.

Mkuu wa kitivo alimsikiliza huku akipanga kalamu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililotisha. Alieleza, kwa upole wa mtu anayemwelekeza mgeni njia, kwamba vijiko elfu kumi na mbili vimeshaagizwa na mabango yameshachapwa.

"Mkuu wa chuo ameshika kijiko kwenye kila ukuta," alisema. "Unataka mimi niende nikamwambie akiteremshe?"

"Lakini kamati ilinipandisha kwa makala hayo."

"Kamati haisomi makala, Profesa. Inayahesabu. Yako yalitimia." Akamshauri apumzike, na asisahau kwamba kwa desturi ya chuo profesa mpya hutoa mhadhara wa hadhara.

Barua kwa jarida aliituma, ile ya kwanza, isiyo na maneno laini. Ilijibiwa baada ya miezi mitatu na mashine, ikamshukuru kwa kuwasilisha makala mapya.

Basi akaamua kuyasema kwenye mhadhara, mbele ya ukumbi uliojaa, viyoyozi vikivuma na mkuu wa chuo akiwa mstari wa mbele. Alisimulia yote: wazo la mke wake, jinsi alivyomfunga mdomo yule binti, sukari ya stoo, birika, wageni, uongo aliowaambia. Alipofika kwa Shangazi ukumbi ulianza kucheka. Alidhani wanamcheka yeye, akaona ni haki yake, akaendelea. Alipofika kwenye madodoso, kwa yule anayelala vizuri, watu walikuwa wanapangusa machozi, na mkuu wa chuo alikuwa anapiga paja. Mwisho alitamka wazi kwamba matokeo hayana thamani na vijiko virudishwe. Wakasimama wakampigia makofi.

Mkuu wa kitivo alipanda jukwaani kumshukuru. Alisema ni wasomi wachache wenye ucheshi na unyenyekevu wa namna hiyo, na kwamba mhadhara huo umeonyesha jinsi utafiti wa vijiko ulivyogusa maisha ya watu. Vijiko havikurudishwa. Mke wake, aliyekaa kando amevaa gauni lake zuri, ndiye pekee ambaye hakupiga makofi. Alimtazama tu kwa huruma, kama anavyomtazama mgonjwa aliyemeza dawa zote kwa siku moja.

Watu walipokuwa wanatoka kuelekea kwenye vitafunwa, Shangazi, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia, alimvuta mkono wa koti.

"Umesema vizuri," alimwambia. "Ila umekosea. Umesema nilianza kutia sukari siku ileile vijiko vilipokuja. Nilianza siku ya pili."

Profesa akapapasa mifuko yote ya koti lile kubwa, akapata kalamu, akakosa karatasi, akaigeuza ratiba ya mhadhara. "Siku ya pili, asubuhi au jioni?"

"Asubuhi. Saa nne hivi. Mhasibu alikuwepo."

"Vijiko vingapi kwa birika?"

"Ngoja kwanza niwape watu chai," alisema Shangazi. "Nikimaliza kuosha vyombo, njoo jikoni uniulize."

Alingoja. Alikaa kwenye kiti cha mwisho cha ukumbi mtupu, karatasi magotini, akaandika maswali. Alipofika swali la tisa aligundua kwamba hajui jina la huyo mama, akaliandika hapo, kisha akalifuta, akaliweka la kwanza.