Hofu Niliyokataa Kuifuta

Ile siku ya dhoruba ya theluji hapa Malton, huku ughaibuni, naikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa, mwanangu, na baba yako analijua hilo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka Tanga. Asubuhi nilipanga mizigo katika ghala karibu na uwanja wa ndege, alasiri nilisoma fasihi chuoni. Muhula ule tulisoma washairi wa Kiingereza wa zama za ulimbwende, wale waliopanda milima ili watetemeke, kisha wakashuka kuandika jinsi radi na maporomoko yalivyozikuza roho zao. Niliwapenda mno.

Siku hiyo zamu ilikatishwa, mabasi yakasimama, nikaamua kutembea. Ujana ni moshi, na moshi hauoni mbele. Sikufika mbali, upepo ukaifuta barabara. Sikuona hata glavu zangu. Nilishika uzio wa waya, nikamwita mama yangu aliyekuwa ng'ambo ya bahari, nikajikojolea. Ndiyo, mimi huyu. Dereva wa gari la kuondoa theluji ndiye aliyenikuta akanifikisha nyumbani.

Nilipanga chumba kwa Bibi Filomena, mjane wa Kigoa aliyezaliwa Mombasa. Kesho yake nikaandika insha ya darasa juu ya mwanadamu mbele ya nguvu za maumbile. Niliandika kwamba nilisimama kifua mbele, nikaicheka dhoruba. Nikamsomea.

"Huyo hodari ni nani?" akaniuliza. "Mie ndiye nilokuvua viatu jana. Jina lako hukuweza kulitaja."

"Ndivyo washairi wanavyoandika, Bibi."

"Wao waliandika hofu yao. Wewe yako umeionea haya, ukaazima ushujaa. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, mwanangu."

Niliichana. Nikaandika upya, na mkojo nikautia.

Mhadhiri aliirudisha na alama ya chini. Alisema mbele ya darasa kwamba hofu ya mshairi huinua roho, lakini yangu ilikuwa ya mtu aliyekosa basi tu, niiandike tena. Wenzangu wakacheka. Nikasimama.

"Mwalimu, mshairi alikwenda mlimani kwa hiari yake, na njia ya kurudi aliijua. Mimi sikuijua. Nani kati yetu aliyeziona hizo nguvu?"

 Mhadhiri akasema basi alama itabaki ile ile.

"Ibaki," nikamjibu. "Na insha itabaki."

Muhula ule nilipita kwa kuponea chupuchupu. Lakini nilipita, na baadaye nikafundisha fasihi mji huu huu hadi nilipostaafu. Wanafunzi wangu wote niliwasomea insha ile, mkojo na yote.

Nawe sasa, unayekwenda chuoni, unaniambia, kwa Kiingereza chako, kwamba maisha yako hayafai kuwa ushairi. Nakujibu kwa Kiswahili, maana najua unanielewa. Dunia ina nguvu kutushinda. Kuiogopa si aibu, na mficha uchi hazai. Aibu ni kuipamba hofu yako ili imridhishe aliyekaa kwenye joto. Wasome washairi wale, ni wako pia. Ila usiwapigie magoti. Ukiambiwa ufute ulichokiona kwa macho yako, kataa, hata kama sauti inatetemeka.

Nenda, mwanangu. Mola akulinde njiani, akupe ulimi mzito wa kusema uongo.