Mkono Usiofika Sikioni

Jengo la watoto na vijana la parokia yetu lina maji yangu ndani yake. Sisemi kwa majivuno. Chokaa haichanganywi kwa mate. Kila Jumanne na kila Ijumaa, kiangazi kizima, niliteremka kisimani bondeni na debe, mtoto mchanga mgongoni, nikapanda nalo kichwani mpaka kanisani, nikamwaga kwenye shimo la chokaa, nikarudi tena. Nyuma yangu alikuja binti yangu wa kwanza na kikopo cha samli, nusu ya maji ikimwagika njiani. Hakuna aliyemtuma. Alisema anapeleka maji ya shule yake.

Temeke wakati huo ilikuwa bado minazi na mihogo, na nyumba mpya zikichomoza katikati kama meno ya mtoto. Sie watu wa bara tulikuwa tunaongezeka, makarani, watu wa reli, watu wa bandarini, na watoto wetu hawakuwa na pa kusomea. Waliokuwa na miguu migumu walitembea hadi shule ya misheni mjini, wanatoka na umande, wanarudi jua limewababua. Wadogo walibaki majumbani. Vijana walikaa vibarazani kucheza karata. Ndipo padri akatangaza baada ya misa kwamba tutajenga. Upande wa kusini, chumba cha darasa la kwanza. Upande wa kaskazini, ukumbi wa vijana, kwa kwaya yao na ngoma zao na mpira wao. Wanaume wabebe mawe siku za Jumapili. Wanawake walete maji siku zilizobaki. Hesabu hiyo mie niliiona palepale, lakini nikanyamaza kwa sababu nilikitaka kile chumba cha kusini.

Wapo watakaosema mwaka mmoja wa mtoto si kitu. Kwa mvulana, labda. Mie nilianza shule nina miaka kumi, kwa kuwa kijijini kwetu walisema nisubiri niwe na nguvu za kutembea. Nilipofika darasa la kumi nilikuwa mwanamke mzima, na baba akaja kunichukua kwa masista na baiskeli ya kuazima. Alisema umri wangu umekwisha. Sikuwa nimeshindwa mtihani hata mmoja. Kilichonishinda ni ile miaka waliyonipotezea wao wenyewe mwanzoni, kisha wakaja kunidai mwishoni. Msichana anayechelewa kuanza ndiye anayewahi kutolewa. Hilo sikulisoma kitabuni.

Na kwetu pale haukuwa hata mwaka mmoja. Mwalimu alikuwa mmoja, katekista, na chumba kimoja, kwa hiyo padri alisema watoto watakaoingia watasoma la kwanza, kisha la pili humohumo, ndipo wapokelewe wengine. Atakayekosa sasa amekosa miaka miwili. Binti yangu alikuwa na saba. Angeanza na tisa. Nilikuwa naiona ile baiskeli.

Siku ya kuandikisha ilikuwa Jumamosi. Nilimwamsha alfajiri, nikamkalisha mkekani, nikamsuka mistari myembamba, nikaikusanya juu ya utosi mafungu mawili. Alipendeza. Nikampaka mafuta miguu, tukaenda.

Watoto walipangwa kando ya ukuta mpya, chokaa bado inanukia. Katekista wetu, mtu wa makamo aliyezoea kuitwa mwalimu na kuitikiwa, alikuwa na daftari na fimbo ya kuonyeshea. Kipimo chake ni kile kinachojulikana nchi nzima: mtoto apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa, ashike sikio la kushoto. Akishika, ametimiza miaka saba. Asiposhika, arudi nyumbani akakue.

Zamu ya binti yangu ikafika. Alipitisha mkono, akaukunja juu ya yale mafungu, vidole vikaishia juu ya sikio, kama upana wa kidole gumba hivi. Akainamisha kichwa upande. Katekista akamnyoosha kwa fimbo.

"Bado huyu."

"Bado nini, mwalimu? Ana miaka saba na miezi."

"Mkono unasema sita."

"Mkono wake ndio uliomzaa? Si nimemzaa mie?"

Akina mama wakacheka. Katekista hakucheka. Alimtazama binti yangu toka utosini mpaka miguuni kama anapima ubao.

"Nyie mnawabebesha watoto maji wangali wadogo, shingo zinadidimia. Huyu amedumaa."

"Maji yenyewe aliyaleta hapa. Yamo kwenye huo ukuta ulioegemea."

"Alitumwa na nani?" Akageuza ukurasa. "Mwingine!"

Jirani yangu alikuwa nyuma yangu. Huyu ni mwenzangu wa nyumba ya pili. Tulifika Temeke msimu mmoja, tukichota zamu moja, akinishikia mtoto nikitwika. Akanivuta kanga.

"Shoga, umemsukia nini? Siku ya sikio mtoto hunyolewa. Hukujua?"

Nikatazama mstari. Vichwa vyote vilikuwa vinang'aa kama mabakuli. Mwanawe, mrefu kama mnazi wa mwaka mmoja, kichwa kimenyolewa mpaka kimekuwa na rangi ya kijivu, akapitisha mkono akashika sikio, vidole vikazidi. Akaandikwa. Mie niliyefika darasa la kumi, mtoto wangu ameachwa nje kwa mikono yangu mwenyewe.

Nyumbani nilimkuta bibi mwenye nyumba wetu barazani anachambua mchele. Bibi yule ni mtu wa hapahapa, Mwislamu, na alikuwa akitutania sie wapangaji wake bila huruma.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona umenuna? Wamemkataa?"

Nikamweleza. Akaweka ungo chini.

"Masikio? Kwetu anayekaguliwa masikio ni mbuzi wa Idi. Sasa nyie mjukuu wangu mnampeleka shule au machinjioni?" Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akafuta macho. "Mnyoe, umrudishe Jumatatu."

"Simnyoi. Akinyolewa ndiyo atakuwa ameongezeka umri?"

"Haya. Kaa na haki yako, na mtoto akae na misuko yake."

Jioni nilisikia kitu kinagonga chumbani. Nikaingia. Debe alilopandia limelala ubavu, na binti yangu ameshika boriti ya mlango kwa mkono mmoja, ananing'inia, miguu haigusi chini. Uso umemvimba kwa kujikaza.

"Unafanya nini wewe?"

"Naurefusha."

Sikumpiga wala sikumkumbatia. Nilimshusha, nikampa uji, nikakaa chini nikafikiri vizuri. Mtoto huyu hakuzaliwa kwetu bara ambako tunahesabu umri kwa njaa na mvua. Alizaliwa hapahapa, akabatizwa hapahapa, kanisa likiwa banda la makuti, na tarehe yake ya kuzaliwa iliandikwa na padri huyuhuyu katika kitabu cha ubatizo. Kitabu kiko kabatini, hatua chache kutoka kwenye ule ukuta. Parokia iliyoandika siku aliyozaliwa ndiyo ilikuwa inamshika sikio kumuuliza umri.

Jumatatu nilifika kwa padri kabla hajamaliza chai. Alikuwa Mzungu wa ndevu nyeupe, Kiswahili chake safi lakini cha polepole, kila neno limevaa viatu.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba."

"Milele, amina. Una shida gani, mama?"

"Naomba ufungue kitabu cha ubatizo."

"Mtoto amefariki?"

"Yuko hai. Ndiyo shida yenyewe."

Akanisikiliza. Akasema katekista anawajua watoto kuliko yeye, na kwamba wengi hawana karatasi, ndiyo maana kipimo kile kinasaidia. Nikamwambia wasio na karatasi wapimwe masikio. Wangu anayo, na anayo kwake. Akainuka, akafungua kabati. Kidole chake kilishuka ukurasani taratibu, mpaka kikasimama. Akasoma jina la binti yangu na siku aliyozaliwa. Miaka saba na miezi minne.

"Umesema kweli, mama. Ataingia." Akabaki ameshika kitabu. "Lakini kama ni kitabu kwa mmoja, basi kiwe kwa wote waliobatizwa hapa. Hiyo ndiyo haki. Si ndiyo?"

"Ndiyo, Baba. Haki kwa wote."

Nilijibu haraka. Sikufikiri hata kidogo. Nilirudi nyumbani napunga mikono kama mlevi.

Jumatano yake orodha mpya ikabandikwa mlangoni pa kanisa. Watoto watatu wafupi wameingia. Watatu warefu wametoka, kwa kuwa kitabu kiliwapa wawili miaka sita, na mmoja mitano. Mwana wa jirani yangu alikuwa miongoni mwa wale wa sita.

Nilimkuta jirani kisimani. Alikuwa anachota, akaendelea kuchota.

"Habari za asubuhi, shoga."

Akavuta kamba.

"Nimeona orodha. Pole."

"Pole ya nini? Umemtoa wangu umwingize wako."

"Sikumtoa mie. Kimemtoa kitabu."

"Kitabu kilikuwa kimelala kabatini. Nani amekwenda kukiamsha?"

Akajitwika debe mwenyewe, maji yakammwagikia begani, na mie nimesimama pale na mikono mitupu iliyozoea kumtwika. Akaondoka.

Nilikasirika siku ile kuliko Jumamosi. Nilimkasirikia yeye kwanza, kwa kuwa alisema kweli. Kisha nikamkasirikia katekista, na padri, na ule ukuta. Kiangazi kizima tumekausha kisima, halafu tunagombania chumba kimoja kama kuku na punje. Na nilipokuwa napita uwanjani na hasira zangu nikauona ukumbi wa vijana. Mlango umefungwa kwa kufuli. Nikachungulia dirishani. Ndani, ngoma mbili na mpira, na upepo. Vijana huja jioni baada ya kazi. Toka asubuhi hadi alasiri jengo lile kubwa kuliko darasa lilikuwa linatunza mpira.

Nikarudi kwa padri. Safari hii hata salamu niliifupisha.

"Baba, ukumbi asubuhi una kazi gani?"

"Hauna. Lakini mwalimu sina, mama."

"Nimesoma mpaka darasa la kumi."

Akaweka kalamu chini. Miezi yote ile aliniona napita na debe, akinipa baraka, na haikumpitia kuniuliza kama najua kusoma. Nami sikusema. Ndivyo nilivyolelewa, kwamba mwanamke hasemi mpaka aulizwe, na nadhani pale ndipo nilipoiacha tabia hiyo.

"Na mtoto mchanga?" akauliza.

"Mgongoni. Amebeba maji na mie, atabeba na herufi."

Vijana walikataa kutoa ufunguo siku mbili. Mwenyekiti wao, kijana wa ndevu tatu, alikuja kwangu na wenzake kunieleza kwamba vumbi la chaki litaharibu ngozi za ngoma.

"Mwanangu, maji ya kujengea ukumbi huo ulileta madebe mangapi?"

"Sisi tulibeba mawe, mama."

"Basi chukueni mawe yenu, mniachie chokaa yangu. Tuone ukumbi utasimama vipi."

Wenzake wakamcheka, ufunguo ukatoka.

Tukaanza Jumatatu. Nilichukua wote waliokataliwa kwa sikio na wote waliokataliwa kwa kitabu, na wengine ambao mama zao waliwaleta bila kuuliza chochote. Hatukuwa na madawati. Bibi mwenye nyumba alitupa mikeka miwili. "Msije mkaibatiza mikeka yangu," akasema. Ubao ulikuwa mlango wa zamani wa banda la makuti, nikaupaka masizi. Binti yangu alikuwa ng'ambo ya ukuta, katika chumba cha kusini, kwenye dawati, na misuko yake, na nilikuwa namsikia akiitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Katekista naye alikuwa akinisikia mie. Hatukuzungumza, ila aliacha kuegemea ule ukuta.

Mwana wa jirani yangu hakuja. Wiki ya kwanza, hakuja. Wiki ya pili nilimwona mbali, amekaa chini ya ukuta wa nyumba yao, anapitisha mkono juu ya kichwa, anashika sikio, anaachia, anashika tena, kama anayeshangaa kwa nini halifanyi kazi. Nilipita nikamwambia mama yake mlangoni, "Ukumbi uko wazi." Akafagia. Vumbi likaja miguuni kwangu.

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, tulikuwa kwenye herufi ya M, mlango ukaingia giza. Alikuwa amesimama yule mtoto, nywele zimeanza kuota, shati jeupe. Nyuma yake mama yake, debe kichwani, limejaa. Hakunisalimu. Mtoto akaingia akakaa ukingoni mwa mkeka, magoti yake marefu yakamfika kidevuni. Mama yake akabaki mlangoni anahangaika kutua peke yake. Nikaacha chaki, nikaenda, nikashika upande mmoja wa debe. Aliniachia nishike. Tukalishusha pamoja, halikumwagika.

"Maji ya kunywa watoto," akasema. "Si yako."

"Asante."

"Nimesema si yako."

Akakunja kata yake ya kanga, akaniangalia mgongoni, mtoto amelala kichwa kimening'inia upande. Akamnyoosha shingo, akakaza mbeleko, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, akaenda zake.