Saa Moja ya Kikrioli

Mama alikuwa na saa moja tu kwa wiki ya kuongea lugha yake, na saa hiyo ilikuwa kanisani.

Alizaliwa Ushelisheli, kisiwani, wanakoongea Kikrioli, lugha iliyotokana na Kifaransa. Baba, aliyekuwa mpishi wa meli, alimpata Mombasa akishona nguo, akamwoa, akamleta kwao Kathonzweni, kwenye mbaazi na vumbi. Watu walimpokea vizuri, siwezi kudanganya. Lakini susu, nyanya yetu mzaa baba, alikuwa na sheria yake: "Kwa hii boma hakuna mtu ataongea kitu mimi sisikii." Eti mtoto akiongeleshwa lugha ambayo nyanya yake haisikii, huyo mtoto ameshaibiwa. Basi mama akatulea kwa Kikamba chake cha kuvunjikavunjika, na sisi watundu tukawa tunamcheka.

Alijibakizia kitu kimoja. Akitutafuta shambani, kwenye mbaazi zilizotuzidi urefu, aliita, "Oli ou?" Uko wapi? Nasi tulijibu alivyotufunza: "Mon la." Niko hapa. Hiyo susu aliiachilia, nadhani kwa sababu ilileta watoto nyumbani haraka.

Kanisa letu lilikuwa la wale wa kuomba kwa sauti, wote pamoja, kila mtu na yake. Wakati mmoja wa kiangazi kibaya, katikati ya zile kelele, mama alifumba macho akafungulia Kikrioli. Wee! Waliokuwa karibu naye wakanyamaza, kisha wakaanza kulia kwa furaha: mgeni wetu ameshukiwa na Roho, ananena kwa lugha! Mzee mmoja wa kanisa akasimama akatafsiri. Bwana anasema mvua iko njiani.

Tukienda nyumbani nilimuuliza alikuwa anasema nini.

"Nilikuwa naongea na mama yangu," akasema. "Nimemwambia mbaazi zimekauka. Nimemuuliza kama bado anaanika samaki juu ya bati la jikoni."

"Na mvua?"

"Mvua ni ya yule mzee." Alicheka mpaka akashika kiuno. Halafu akaacha. "Usiwaambie. Wakijua, watanirudisha kwa Kikamba." Tukatembea kidogo. "Shida ni kwamba hakuna anayenijibu."

Sikuwaambia. Miaka ikaenda, mama akinena, mzee akitafsiri, mvua ikinyesha au ikikataa. Mimi nilimwonea wivu huyo mama yake wa kisiwani, haki ya Mungu. Yeye aliambiwa kila kitu na hata hakuwepo. Mimi nilikuwa pale pale, tumebanana kwenye benchi moja, na sikuambulia kitu.

Susu alipofariki, nilimwomba mama anifunze. "Sasa?" alisema. "Wewe una watoto, una duka. Tutafunzana tu, tulia." Hatukufunzana.

Kisha akaugua. Kiswahili kilimtoka kwanza, Kikamba kikafuata. Wamama wa kanisa walikuja asubuhi moja wakazunguka kitanda. Mama akafumbua macho, akaangalia mlangoni, akaita, "Manman, oli ou?"

"Haleluya!" wakasema wamama. Mzee wetu wa kutafsiri, sasa anatembea na fimbo, akakohoa akajiweka tayari.

"Nyamaza kwanza, mzee," nikamwambia. "Tafadhali."

Nilijua haniiti mimi, anamwita mama yake. Nikamshika mkono hivyo hivyo. "Mon la."

Akageuka. Uso ulimfunguka kabisa, nikaona msichana ambaye sikuwahi kumjua. Akaanza kuongea, mbio mbio, akicheka hapa, akinong'ona pale, akinipiga kofi dogo mkononi. Habari za miaka yote, nafikiri, zote alizozilimbikiza. Nilitega masikio mpaka machozi yakanitoka, na sikusikia hata neno moja.

Akauliza kitu, akangoja. Mimi nilikuwa na jibu moja tu, nikampa lile lile tena.