Somo la Kumwahi Mwenzako

Wanafunzi walimwita Mwalimu Vitenzi, na jina likamkaa. Kila jioni, katika chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya ujenzi, katikati ya ndoo za rangi na mabomba, aliwafundisha watu wazima Kiingereza. Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la vitenzi vya kumzidi mtu akili. Outwit, outsmart, forestall. Aliviandika ubaoni kwa herufi kubwa, akasugua viganja.

"Hawa Waingereza," alisema, "kwa kuzungukana tu wana maneno gunia zima! Outwit, unamzidi mwenzako ujanja mkiwa wote uwanjani. Forestall, unamwahi kabla hata hajafunga viatu. Hilo ndilo tamu."

Herufi kubwa zilikuwa na sababu yake. Macho yalikuwa yanamwishia, na alidhani anayejua ni mpwa wake peke yake, msusi wa mtaa wa pili, aliyekuja kila jioni akiwa bado ananukia mafuta ya nywele. Yeye ndiye aliyesoma madaftari kwa sauti, eti kwa faida ya darasa. Bila darasa lile mwalimu hakuwa na kitu duniani. Mkewe alishafariki, na watoto hawakujaliwa.

Kisha akasikia maneno. Mpwa wake ameonekana akiteta na mwenye duka, habari za darasa. Angemuuliza tu, na mambo yangeisha palepale. Lakini mtu aliyefundisha ujanja maisha yake yote huuona hata kwenye salamu. Huyu anataka kuninyang'anya darasa, akasema kimoyomoyo, na mimi simngoji. Asubuhi akawahi kwa mwenye duka, akamwambia binti yule ana mkono mrefu, achunge vitu vyake. Uongo mtupu, na ulimtoka laini bila kumkwaruza koo.

Jioni mpwa alizuiwa mlangoni, wanafunzi wote wakiona. Alimtazama mjomba wake, ambaye hakuweza kuuona uso ule, akaondoka.

Mwalimu akapewa daftari asahihishe. Akaligeuza, akalisogeza mpaka puani, akabuni yaliyoandikwa. Mtu mmoja akacheka, kisha hakuna aliyecheka tena.

"Nilijua huoni," mwenye duka alimwambia walipobaki wawili. "Wanafunzi walishalalamika, nikataka kulifunga hili darasa. Yeye ndiye aliyekuja kunibembeleza. Alisema, 'Mwache mjomba, mimi nitamsomea, ila usimwambie, ataona aibu.' Sasa wewe umeniambia ni mwizi. Nani atakusomea?"

Kesho yake alikwenda saluni akipapasa ukuta. Ndani mashine za kukausha nywele zilivuma, na aliona vivuli vya wanawake watatu. Aliyekuwa karibu na dirisha alikuwa na kimo cha mpwa wake. Akamshika mikono, akaanza. Akaeleza alivyomsingizia, akaeleza kwamba darasa limefungwa, akalia bila kujificha.

"Mwanangu, nisamehe mjomba wako. Sina mwingine."

Mikono aliyoishika ilikuwa ya mteja, kafungwa taulo kichwani, na maskini hakujua atazame wapi. Mpwa alikuwa amesimama nyuma yao, chanuo mkononi. Alimsikiliza hadi neno la mwisho, akamfanyia mteja ishara asiseme kitu, kisha akarudi kusuka.