Mayai ya Koko na Umeme Usiokatika

Jirani yangu Nashilu, hapa Sombetini, anatotolesha vifaranga kwenye sanduku la mbao lenye balbu. Kalitengeneza mwenyewe, na mgao wa umeme ukamfundisha ujanja: asubuhi anawasha balbu za ziada, sanduku linapata moto kweli kweli, na umeme ukikatika mchana joto lile linayatunza mayai mpaka urudi. Mtu wa nje atasema ni wazimu. Anyamaze! Vifaranga wake tumefuga kipindi chote cha mgao.

Safari hii alikuwa na mayai ya bibi yake wa Ngaramtoni, Koko Naipanoi. Kideri kilikuwa kimeingia bandani kwa Koko kikamaliza kuku wote, mbegu aliyopewa na mama yake alipoolewa. Yalibaki yale mayai tu, na yalikuwa karibu kuanguliwa.

Jumapili tunajiandaa kwenda kwenye kipaimara, redio ikatangaza kwamba mitambo ya bwawa la Rufiji imeanza kuzalisha, mgao unaelekea kwisha, na huko mbele nchi itakuwa na umeme hata wa kuuza nje.

"Wauze nje wakati sisi tunausikia redioni tu!" Nashilu akacheka. Akawasha balbu zote, tukaondoka.

Tulirudi jioni. Kuona taa ya barazani kwake inawaka, nikapiga vigelegele kama mwehu. Nashilu alisimama pale getini.

"Haujakatika," akasema. Akavua viatu, akakimbia ndani.

Mungu wangu! Mfuniko wa sanduku haukushikika kwa moto. Akavunja yai moja: kifaranga kamili, na manyoya yake, kimeiva. La pili vilevile. Siku zote tunalilia umeme ukae, na siku umekaa umetuulia!

Kesho yake Koko akaja.

"Shikamoo, koko," Nashilu akamwamkia.

"Marahaba. Vifaranga wameshaanza kulia?"

Koko akaona uso wa mjukuu wake, akamshika bega.

"Umeme ulikatika, eeh? Pole mwanangu, si kosa lako."

"Haukukatika, koko. Mimi nilijua utakatika."

Koko alimkodolea macho kama hajasikia. Kisha akachukua yai ambalo halijavunjwa, akaliweka sikioni, akatunyooshea mkono tunyamaze.