Fulana nayo imefumwa, asema Deodata wa forodha

Saa mbili na robo asubuhi, Deodata Renatus anaingiza vidole viwili ndani ya fulana nyeupe na kuivuta kwa upana. Mbele ya meza yake watu wamejaa. Hakuna aliyeitwa, wamesikia tu kwamba robota la kijiji cha Murukulazo limezuiwa, wakaja kujionea.

Kituo hiki kidogo cha forodha, wilayani Ngara, kinatazamana na Burundi. Robota ni la duka la kijiji hicho cha ujamaa: dazeni ishirini za fulana. Mwenyekiti wa duka, Mzee Bartholomayo, ana kibali cha kuingiza "nguo za kufuma" na si nyingine. Fulana zikiandikwa kuwa nguo za kushona, zinarudi zilikotoka.

"Tangu Januari duka letu halina nguo. Watoto wanakwenda shule na mashati ya baba zao," anasema mzee. "Hizi furana nimezifuata mwenyewe."

Bwana forodha, Ndugu Audax, hana ubaya naye. Wanasali kanisa moja. Ila anaonyesha mshono wa bega. "Hii imepita kwenye cherehani, mzee. Ya kufuma ni sweta."

Nusu ya umati wanaafiki. Nani amewahi kuona mtu akifuma fulana?

Deodata ana miaka 39. Mpaka Novemba mwaka jana, 1978, alikuwa mfagiaji hapa. Karani wa kukagua nguo alipochukuliwa mgambo kwenda vitani, Audax alimkalisha mezani akisubiri mtu kutoka mkoani. Vita imeisha, mtu hajaja. Mshahara ni ule ule wa kufagia, shilingi 380 kwa mwezi, na ua bado anaufagia, "maana hakuna aliyeniambia niache."

Kufuma alifundishwa na masista huko Biharamulo, akiwa msichana. Ndiko alikojua kwamba sweta ni vitanzi vilivyoshikana, kimoja ndani ya kingine, wakati shati ni nyuzi zinazopishana, huu unakwenda, huu unakatiza.

"Shida ni hili neno," anasema. "Kitambaa cha shati kimefumwa, sweta nayo imefumwa. Kiswahili kina neno moja, ushuru una milango miwili: sweta kwenye kufuma, shati kwenye kushona."

Anachukua mkasi. "Mzee, nitakuharibia moja."

"Kata, mwanangu. Mradi si zote."

Anakata pindo, na pale alipokata nguo inajikunja yenyewe. Anavuta uzi. Unatoka umejipindapinda kama nywele zilizofumuliwa sasa hivi. Kisha anaomba uzi wa shati. Nyanda, dereva wa lori anayesubiri karatasi zake, anainamisha shingo.

"Chukua kwenye kola. Hapo imeshaanza kukatika, wala usitumie mkasi."

Uzi wa Nyanda unatoka umenyooka.

Audax anaziinua nyuzi mbili kwenye mwanga wa dirisha.

"Kwa hiyo hata hii niliyovaa ndani?"

"Hata hiyo, mkuu."

Anafungua kifungo kimoja cha shati, anachungulia. Nyuma huko mama mmoja anasema, "Leo mfagiaji kamfagia bwana forodha," na kicheko kinapita mpaka nje.

"Andika," anasema Audax.

Deodata anaandika: fulana, nguo za kufuma, za vitanzi.

"Vitanzi tena?" anauliza Nyanda. "Vita imeisha juzi tu, mama. Unataka kumnyonga nani?"

Audax analitazama lile neno ambalo halimo kwenye karatasi ya maelekezo ya ushuru. Halikati. Anatia sahihi, na Mzee Bartholomayo anaanza kutafuta wa kumsaidia kubeba.

Deodata sasa anaandika barua ya kwenda mkoani, ukurasa wa pili, akiomba maelekezo yatenganishe nguo za vitanzi na za nyuzi zinazopishana.

"Mimi naweza kuondolewa hapa hata kesho," anasema. "Fulana zitaendelea kuja."